Ndizi Moja kwa Kila Bakuli

Barabara ya Kaunti Namba 9,
Halvorsund, Minnesota.
Machi 14, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Norval,

Hujambo huko jangwani? Na wifi yangu Lavonne, goti lake walilomtilia chuma limepona, au bado anapanda ngazi huku analia? Nawaombeeni afya nyote wawili, na jua lenu hilo nalionea wivu. Mimi ni mzima. Nimeliandika neno hilo polepole, nawe lisome polepole. Ni mzima wa mwili na wa akili, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Huku theluji bado imejaa mpaka madirishani upande wa ghala. Juzi niliisukuma mwenyewe kwa mashine ya marehemu Orrin, kutoka mlangoni hadi barabarani, na sikumwita mtu. Kanisani tuko kwenye Kwaresima, kila Jumatano ni supu. Supu ya Ardella haina chumvi mwaka wa ishirini sasa, na watu wanaimeza na kumsifu, si unatujua.

Sanduku lako la machungwa lilifika. Asante, ni matamu kweli. Lakini Norval, tangu uhamie Arizona hujanitumia hata ndimu. Sanduku zima linatua mlangoni kwangu katikati ya Februari, bila hata mstari mmoja wa maneno! Nililiweka mezani nikalitazama, nikasema, basi, na huyu naye. Mwanangu Galen amempigia simu.

Najua alichokuambia wewe mjomba wake. Kwamba mama anasimama dukani kwenye mashine ya kujilipia, ananunua ndizi moja, analipa, anaitia mfukoni, kisha anaanza upya na ndizi nyingine, kama mtu asiyekumbuka kuwa ameshalipa. Kwamba yeye na Kristi mkewe wamenipatia chumba kizuri kwenye nyumba ya wazee karibu nao. Kwamba theluji ikiisha twende kwa wakili, yeye ashike fedha zangu, nyumba iuzwe. Na kwamba kilichobaki ni wewe, ndugu yangu pekee, kusema sawa.

Usiseme sawa. Usithubutu! Mwambie Lavonne apunguze sauti ya televisheni, ukae nikueleze.

Unazikumbuka pesa za ng'ombe. Tulipouza ng'ombe wa maziwa, Orrin hakutaka zilale bure. Chama cha akiba na mikopo cha hapa mjini kina akaunti ya matumizi, ile ile ya kuandikia hundi, ila hii inalipa riba nono kushinda hata pale wanapokufungia pesa miaka mitano. Sharti ni kwamba kila mwezi utumie kadi ya akaunti hiyo kununulia kitu mara kumi na mbili. Thamani ya kitu hawajali. Ukipungukiwa hata mara moja, mwezi huo unapata riba ya kununulia stempu.

Upande wa pili tuna kadi ya mkopo. Hiyo inakurudishia senti mbili kwa kila dola unayotumia, alimradi uilipe yote kabla ya tarehe, maana ukichelewa wanakunyoa bila maji. Kwa hiyo vitu vikubwa vyote vinakwenda kwenye kadi ya mkopo: bima, matairi, dizeli, daktari wa meno. Senti zinazorudi tunaziingiza kwenye akaunti ya chama, na humo zinaanza kuzaa pamoja na pesa za ng'ombe. Umenielewa hapo?

Sasa kuna kazi. Kadi ya chama inadai mara zake kumi na mbili, lakini kila dola unayoipitisha humo ni dola iliyokosa senti zake mbili kule kwenye kadi ya mkopo. Unafanyaje? Unainunulia kitu cha bei ndogo kuliko vyote dukani. Orrin alizunguka duka zima asubuhi nzima na yale mabuti yake ya zizini, akarudi ameinua ndizi moja juu ya kichwa. “Bibi Waziri wa Fedha,” akaniambia mbele za watu, “nimeipata!”

Miaka kumi na minane tumekwenda hivyo. Ndizi zinauzwa kwa uzani, basi tukawa tunashindana nani ataokota iliyo ndogo zaidi, na aliyeshindwa anaosha vyombo. Na usidhani ni mchezo tu wa wazee. Riba ile na zile senti za kurudishiwa, zikikusanywa mwaka mzima, ndizo zinazojaza tangi la gesi ya kupashia nyumba joto. Kwa pensheni yangu ya kupika shuleni peke yake, nyumba hii ningeihama Desemba ya kwanza. Nikikwambia ndizi ndizo zinazoniweka hapa, sitii chumvi.

Orrin alipokuwa hai tulikuwa wawili, tunacheka kwenye ile mashine, na watu wakisema, hao nao na vituko vyao. Nikabaki peke yangu, kwenye mashine ile ile, na ndizi zile zile, nikawa mgonjwa. Hilo limeniuma, Norval, kuliko mengine yote nitakayokuandikia hapa.

Ilikuwa hivi. Januari tulipigwa na dhoruba ya theluji wiki nzima, barabara zikafungwa. Nilipotoka, mwezi ulikuwa umebakiza siku moja na mimi nilikuwa sijatumia kadi hata nusu ya mara zinazotakiwa. Basi nikasimama kwenye mashine nikapitisha ndizi, moja baada ya moja, mfululizo. Jolene, yule keshia anayesimamia zile mashine, akanisogelea.

“Baridi leo, Arlys,” akasema.

“Ipo.”

“Unaendelea vizuri?”

“Si vibaya. Na wewe?”

“Si vibaya.”

Akarudi mahali pake. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Mtu niliyekaa naye benchi moja la shule ya Jumapili ananiona napakia ndizi kama mwehu, na hawezi kufungua kinywa aniulize, “Arlys, ndizi hizi za nini?” Si adabu, unajua. Adabu yetu sisi ni kurudi mahali pako, kisha jioni unampigia simu mwanawe.

Wiki hiyo hiyo mabakuli yakaanza kuja. Wa kwanza Ardella, na bakuli lake la kuokea, nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo na viazi juu yake. “Nilipika nikaona kimezidi,” akasema, bila kunitazama machoni. Nikamwambia asingejisumbua. Kesho yake akaja jirani wa pili, na bakuli la viazi vile vile. Kisha akaja fundi wa matrekta na mkewe. Mpaka Ijumaa friji imejaa, mengine nimeyaweka nje barazani kwenye baridi.

Sasa wewe umekulia hapa. Bakuli linaletwa kwa mfiwa au kwa mgonjwa. Nami nikawaza, jamani, wamekumbuka! Maana tarehe mbili Februari ilikuwa inatimia miaka miwili tangu Orrin atuache. Nililia, Norval. Nililia kwa shukrani, nikanunua kadi nzuri zenye maua, nikaandika kila nyumba: Asante kwa kunifikiria katika wakati huu mgumu. Sitasahau wema wenu.

Cheka tu. Nilitia sahihi mwenyewe kwamba nimerukwa na akili, na stempu nikanunua mimi.

Halafu akaja Mchungaji Tollefson. Alikunywa kahawa vikombe viwili, akazungumzia barafu ya ziwani, akazungumzia paa la kanisa. Kisha akaniuliza kwa sauti laini, “Arlys, leo ni siku gani?” Nikamwambia ni Alhamisi. “Na mwezi?” Nikamwambia mwezi. Nikaona maskini mchungaji wa watu, mtu mdogo hivi, ameanza kupotelewa na siku! Alipoondoka tu nikampigia mkewe, nikamwambia ampumzishe, asimwachie aendeshe gari usiku. Kesho yake nikampelekea bakuli la pole. Mke wa mchungaji alilipokea, akanishukuru, na naye hakuniuliza lolote.

Siku ya Jumamosi Galen na Kristi wakaja. Kristi naye ana bakuli. Nilipoliona hilo ndipo nikashtuka, maana mkwe wangu huyo hajawahi kuoka kitu tangu harusi yao.

“Mama,” Galen akasema, “nipe ile kadi ya chama nikutunzie.”

“Imekaa kwenye pochi yangu miaka kumi na minane,” nikamwambia, “haijapata hata mafua.”

“Mama, watu wanakuona.”

“Wananiona nikifanya nini?”

Hapo ndipo yote yakatoka, ndizi, Jolene, nyumba ya wazee, na karatasi zake zenye picha za vikongwe wanaocheka. Nilimweleza kila kitu, kama nilivyokueleza wewe. Nikamweleza riba, nikamweleza senti mbili, nikamweleza baba yake na mabuti yake. Kristi akanishika mkono. “Ndiyo, mama,” akasema. “Ndiyo, ndiyo.”

Ndiyo ile unaijua. Ndiyo hiyo hiyo mimi na wewe tulikuwa tunampa mama yetu alipovaa koti akituambia anakwenda kukamua, na zizi limeshabomolewa. Galen akaichukua kadi kwenye pochi yangu mbele ya macho yangu, akaniambia ananipenda, wakaondoka. Februari ikafungwa bila mara zake kumi na mbili, kwa mara ya kwanza tangu tufungue akaunti ile. Nikapata riba ya stempu.

Sitakuficha, mdogo wangu, niliogopa. Si wao niliowaogopa. Mama alianza na chumvi, unakumbuka? Kila siku anakwenda dukani kununua chumvi, na kabati limejaa chumvi, na sisi tunacheka. Nilikaa jikoni na yale mabakuli nikajiuliza, je, kama ni kweli? Je, kama hesabu hii yote ya riba ni hadithi ninayojitungia, kama zile hadithi zake za kukamua? Nilichukua taarifa ya benki ya mwaka jana nikaisoma mara tatu. Kisha nikaenda mwenyewe kwa daktari, bila kusukumwa na mtu, nikamwambia anipime kichwa. Akanipima saa nzima. Akasema kichwa hakina neno, ila presha imepanda. Nikamwambia hiyo presha ni ya mwanangu, amwandikie yeye dawa.

Nilipotoka pale woga ulikwisha, hasira ikakaa mahali pake, nayo inanipendeza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chama. Nikaomba kadi mpya, ile ya zamani ifungwe. Yule binti wa dirishani akaniuliza kama niliipoteza. Nikamwambia hapana, iko kwa mwanangu, wala hajui tarakimu za siri, anaweza kukwangulia barafu ya kioo cha gari akitaka.

Kisha nikaenda dukani, Jumamosi saa nne asubuhi, wakati mji mzima uko humo. Nikachagua ndizi zangu ndogo ndogo, nikasimama kwenye mashine, nikaita kwa sauti.

“Jolene! Njoo hapa usimame na mimi.”

Akaja amekuwa mwekundu kama nyanya.

“Hii ya kwanza,” nikasema, nikapitisha kadi. “Unajua kwa nini nanunua moja moja?”

“Arlys, si lazima...”

“Ni lazima! Umempigia mwanangu kilomita mia na zaidi kutoka hapa, na mimi nilikuwa umbali wa mkono. Niulize.”

Watu wamesimama na vikapu vyao, wanatazama makopo ya maharage kana kwamba ni sinema. Jolene akaitazama ile ndizi. “Haya,” akasema. “Kwa nini?”

Nikamwambia. Nilimweleza yote hapo hapo, nikipitisha ndizi na kadi, ndizi na kadi, mpaka nikamaliza. Machozi yalimlenga. Akasema alidhani kuniuliza kungenivunjia heshima. Nikamwambia heshima yangu ingestahimili swali moja, ila nyumba yangu haistahimili simu zake. Kisha akajifuta pua akaniuliza kwa sauti ya chini, “Riba yenyewe ni asilimia ngapi?” Ebo! Nilimpa ndizi moja nikamwambia akaulize dirishani kama watu wengine.

Sasa yalibaki mabakuli. Kila moja lina jina la mwenyewe chini, kwenye utepe wa gundi, na mama alitufundisha kuwa bakuli la mtu halirudishwi tupu. Watu wanarudisha biskuti, wanarudisha mkate. Mimi nilitia ndizi moja kwa kila bakuli. Nikapita nyumba kwa nyumba, sikuacha hata moja. Nikibisha, mlango ukifunguliwa, namkabidhi mtu bakuli lake safi na ndizi yake katikati, nasema, “Asante kwa chakula, kilikuwa kitamu. Siumwi. Siku nyingine niulize.” Kisha nakwenda zangu. Ardella alibaki mdomo wazi mlangoni mpaka joto la nyumba likamwishia. Mchungaji alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akaniomba radhi, na mkewe naye akaniomba radhi, nami nikawaomba radhi kwa lile bakuli la pole. Sasa kila tukikutana kanisani ananiuliza ni siku gani, nami namuuliza yeye.

La Kristi sikulituma kwa mtu. Nililipeleka mwenyewe, nikiendesha kwenye barafu mpaka kwao. Galen alifungua mlango akawa anatazama nyuma yangu kumtafuta aliyenileta.

“Mama, umekujaje?”

“Kwa gari. Naendesha tangu wewe hujazaliwa.”

Nikampa bakuli. Akaitazama ndizi, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unataka kuniamini, maskini mwanangu, unataka sana. Si mtu mbaya. Anaogopa. Alimwona bibi yake alivyoishia, alikuwa mtoto na alilia sana, na woga ule ameubeba mpaka leo. Lakini ana shingo ngumu kama baba yake. Akasema, “Tumsubiri mjomba Norval aseme.”

Kwa hiyo limebaki kwako. Nyumba aliyoijenga Orrin, gari langu, pochi yangu, vyote vimening'inia kwenye mdomo wa mtu aliye Arizona ambaye hakunipigia hata simu. Machungwa ulijua kuyatuma. Anwani unayo, namba unayo. Ulishindwa nini kuniuliza? Mimi ndiye niliyekufundisha kuamka kukamua, niliyekuficha baba alipokukasirikia kwa ajili ya lile trekta. Na wewe ukasikia kwamba dada yako amepotewa na akili, ukaenda kuchagua matunda!

Nasema wazi ili pasiwe na kusingizia adabu. Sihami, ng'o! Kadi zangu sitoi. Kila mwezi nitanunua ndizi zangu mchana kweupe, na anayetaka kutazama atazame. Na kama ile siku ya mama itanifikia nami, maana naweza kufikiwa, sikatai, nataka mtu aje aketi mbele yangu kwenye meza hii, aniambie usoni, “Arlys, imeanza.” Nataka mtu huyo awe wewe. Sitaki kusikia habari zangu kwa njia ya viazi vya kuoka.

Msalimie sana Lavonne, umwambie alitembeze hilo goti asilionee huruma. Wasalimie watoto wenu, Dwight na Maren, na yule mchanga wa Maren ambaye sijamwona. Huku Ardella anakusalimu, anasema machungwa yako ni matamu, nimempa mawili. Orrin, naamini, anakusalimu pia kutoka huko aliko, na amepata ndizi ndogo kuliko zangu. Mungu awakinge na joto lenu, nasi na baridi yetu, atukutanishe tukiwa bado tunajuana kwa majina.

Sanduku lako nalirudisha, na barua hii iko juu yake. Wewe na mimi tulilelewa na mama mmoja, kwa hiyo halirudi tupu. Humo ndani kuna mkate wa ndizi. Nimeuoka leo asubuhi kwa zile zile za mwezi wa Januari, nilizokuwa nimeziweka kwenye friza, ndizo zilizonitia wazimu. Kateni kipande, kuleni. Kisha mpigie Galen. Ukimaliza naye nipigie mimi, uniulize lile ulilotakiwa kuniuliza Februari. Nitakuwa jikoni, karibu na simu.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia hivi,

Arlys